KOMPYUTA NA FUMBO LA MJOMBA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nimalize maneno niliyoyameza muhula wa pili.

Wanachama mtaukumbuka ule mjadala uliofanyika katika bwalo la chakula kwa sababu maktaba ilikuwa ikipakwa rangi. Hoja ilikuwa kwamba kompyuta yafaa kumsikiliza mgonjwa wa akili kuliko daktari. Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa kupinga. Tulishindwa, tena tulishindwa vibaya, jamani. Kabla mwenyekiti hajamaliza kuhesabu kura baadhi ya wafuasi wetu walikuwa wamekwisha kugeuka na kuupigia makofi upande wa pili. Sina kinyongo. Msemaji mkuu wa kuunga mkono alikuja na majina ya watafiti, miaka na asilimia. Sisi tulikuja na methali tupu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ningalilisema pale, na sikulisema kwa haya. Nina mjomba aliyepata kuugua akili. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikimtaja tu, kufikia Ijumaa nitakuwa nimekwisha kupachikwa jina la utani. Wakati wa likizo nilimweleza mjomba mwenyewe habari za mjadala. Alicheka, kisha akasema, "Andika, mwanangu. Ila jina langu uliache nyumbani." Basi jina nimeliacha nyumbani, na hospitali pia sitaitaja.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao. Mengi waliyoyasema ni kweli, nimeyachunguza. Madaktari wa akili hawana damu ya kupima wala picha ya eksirei ya kuangalia wanapotaka kujua kama mtu ana skizofrenia. Chombo chao kikubwa ni mazungumzo. Tangu Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, alipoupa ugonjwa huo jina mwaka 1908, madaktari wamefundishwa kusikiliza jinsi mawazo ya mgonjwa yanavyoachana katika usemi wake: anaanza na hili, anarukia lile, na kamba inayoyafunga pamoja haionekani. Tatizo ni kwamba kusikiliza huko kunategemea sikio la mtu. Daktari huyu atasema maneno yamelegea, yule atasema yako sawa. Ndipo watafiti wakajiuliza, je, hatuwezi kuipa kompyuta kazi hiyo, maana yenyewe haichoki na haina kinyongo?

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Mashine husomeshwa maandishi mengi mno, ikaangalia kila neno huandamana na maneno gani. "Kisu" huonekana karibu na "nyama" na "kukata". "Wimbi" huonekana karibu na "bahari" na "mashua". Kutokana na ujirani huo kila neno hupewa namba zake, mithili ya nyumba katika mtaa, na maneno yenye maana za kukaribiana hupata nyumba za kukaribiana. Kisha mazungumzo ya mgonjwa hunaswa, yakaandikwa, na mashine ikapima umbali kutoka sentensi moja hadi nyingine. Umbali ukiwa mdogo, mawazo yanatiririka. Ukiwa mkubwa ghafla, mashine huweka alama: hapa pamerukwa.

Mwaka 2015 watafiti wa New York walitoa matokeo ya kazi ya namna hiyo. Walikuwa wamewahoji vijana 34 ambao tayari walionekana kuwa hatarini, wakawafuatilia kwa muda wa hadi miaka 2 na nusu. Vijana 5 kati yao waliugua. Kompyuta, kwa kutumia yale mahojiano ya mwanzo tu, iliwatenga wale 5 na wale 29 bila kukosea hata mmoja. Naam, hapo ndipo bwalo zima liliposimama na kushangilia! Msemaji wetu hakutaja kwamba mwaka 2018, baadhi ya watafiti hao hao walipofanya kazi hiyo kwa kundi kubwa zaidi lililotoka Los Angeles, usahihi ulikuwa asilimia 83. Si haba hata kidogo, ila si mia kwa mia. Kijana mmoja katika kila sita angewekwa upande usio wake.

Sasa nirudi kwa mjomba.

Mjomba ni fundi wa mashua katika kijiji kimoja cha Kwale. Tangu nipate akili namjua kuwa ni mtu wa mafumbo. Ukimwamkia, "Hujambo mjomba?" hakujibu "Sijambo" kama watu. Atakwambia, "Bahari shwari, ila chombo chavuja," nawe ujue mfukoni hamna kitu. Ukimwuliza kwa nini hajaoa tena atakutajia pweza. Barazani wazee humpenda kwa hilo, na sisi watoto tulikuwa tukishindana nani atamfumbua kwanza.

Mwaka 2021 aliacha kulala. Kisha akaanza kusikia watu wakizungumza chini ya sakafu. Mama akaenda kumchukua, wakampeleka hospitali, pamoja na bibi aliyekataa katakata kubaki nyumbani. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Foleni nje ilifika langoni. Akamwuliza mjomba kwa Kiswahili cha Nairobi, "Mzee, usiku unalala vipoa?" Mjomba akamtazama kwa muda, kisha akajibu, "Jahazi likipwelewa hungoja maji." Daktari akasema, "Mzee, mimi nauliza usingizi, wewe waniambia mambo ya jahazi?" Akaandika. Mama yuasoma Kiingereza, na karatasi ilikuwa mezani. Iliandikwa kwamba maneno ya mgonjwa hayashikamani.

Ndugu msomaji, hebu tulia hapo kidogo. Kwa mtu wa pwani jibu lile lilikuwa wazi kama mchana. Jahazi lililopwelewa ni lile lililokwama mchangani maji yanapotoka. Halina la kufanya ila kungoja. Mjomba alikuwa akisema: nimelala chali, nimekwama, nangoja usingizi na hauji. Hakuna jibu lililoweza kulingana na swali lile zaidi ya hilo. Lakini ukilipima kwa umbali wa maneno, kutoka "usiku" na "kulala" hadi "jahazi" na "maji" ni safari ndefu, na mashine ya New York ingeweka alama pale pale alipoiweka daktari.

Msinielewe vibaya. Sisemi mjomba alikuwa mzima. Alikuwa mgonjwa kweli, na dawa alizopewa zilimsaidia. Wala simlaumu daktari yule. Angekuwa na saa nzima badala ya dakika chache huenda angeuliza tena. Ninalosema ni kwamba ugonjwa ulikuwako, ila haukuwa katika jibu la jahazi. Ulikuwa kwingine, na aliyejua ni wapi alikuwa ameambiwa akakae nje kwenye benchi.

Bibi ndiye aliyegundua, tena wiki kadhaa kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukila futari siku moja alimsikiliza mjomba akisema jambo fulani kuhusu misumari na redio, na baadaye jikoni akamwambia mama, "Nduguyo si mzima." Mama akamjibu kwamba mjomba ndivyo alivyo, siku zote ni mafumbo. Bibi akasema, "La. Fumbo lake la zamani ukilivunja wakuta kokwa. Hili nimelivunja, ndani ni tupu." Mama hakumsikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwapo, na nilidhani ni maneno ya uzee.

Kwa hiyo katika ulimi wa mtu yule yule mmoja kulikuwa na kauli mbili. Moja ilikuwa fumbo lenye maana, nyingine ilikuwa dalili ya maradhi. Kwa masikio ya mgeni zote mbili zimeruka mbali. Kwa hesabu ya umbali pia zote mbili zimeruka mbali. Bibi alizitenganisha bila kalamu. Hii ndiyo hoja yangu, na ndiyo niliyopaswa kuisema bwaloni: mashine haipimi usemi hivi hivi tu. Huupima kwa kuulinganisha na usemi wa watu fulani, wale waliotumiwa kuifundisha. Maadamu watu hao si sisi, isipewe kazi ya kuamua nani kati yetu ana kichaa.

Tena si mafumbo peke yake. Tazama jinsi lugha yetu ilivyoundwa. Wale watafiti wa 2015 waliangalia mambo mengine mawili mbali na umbali wa maana: urefu wa vifungu vya maneno, na matumizi ya vile vijineno vya Kiingereza vinavyounganisha jina na maelezo yake, mfano wa "ambacho" na "ambaye". Waliokuwa wakielekea kuugua walitumia vifungu vifupi na vijineno hivyo kwa uchache. Haya, mpe mashine hiyo Kiswahili. Mwingereza huhitaji maneno matano kusema kile ambacho sisi husema kwa moja: "Hatukuwaona." Nasi hatulazimiki kusema "kitabu ambacho nilikisoma", twasema "kitabu nilichokisoma", na kile kirejeshi kimeshonwa ndani ya kitenzi kama uzi katika kanzu. Mashine inayohesabu maneno yaliyosimama peke yake itamwona Mswahili mzima kuwa mtu wa sentensi fupi na asiyeweza kuunganisha mawazo. Walimu wetu wa sarufi wametuchosha kwa uchanganuzi wa vitenzi, nakubali, lakini hapa ndipo nilipoona faida yake.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2004, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo. Waliokuwa na huzuni nzito walipoandika insha walijitaja wenyewe zaidi, kwa lile neno la Kiingereza la nafsi ya kwanza lenye herufi moja. Jambo la maana, na huenda ni kweli kwetu pia. Ila ukienda kuhesabu "mimi" katika insha ya Mkenya hutapata kitu. Nafsi yetu imejificha katika "ni-" ya "nimechoka" na "si-" ya "sijui". Na mtu akilemewa sana wala hajitaji kabisa. Hukitaja kiungo chake. "Moyo mzito." "Kichwa kimejaa." "Mwili hautaki." Yuko wapi "mimi" hapo? Yumo mote, lakini hahesabiki.

Na ipo kauli moja ambayo kila nikiifikiria nacheka, kisha naogopa. Mama mmoja wa Kiswahili akienda zahanati atasema, "Daktari, nina mawazo." Sote twajua ana nini: ana dhiki, halali, anakula kwa kulazimishwa. Ifasiri kauli hiyo neno kwa neno na mashine itaandika kwamba mama huyu ana fikra. Ala! Yaani ndiyo kwanza ampe hongera. Hatuko peke yetu katika hili. Zimbabwe, Washona wana neno "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wake wa Benchi la Urafiki mwaka 2006 huko Mbare, Harare, aliwatumia akina nyanya 14 wa mtaani wanaolijua neno hilo bila kufundishwa. Aliwaweka bibi kwenye benchi ili wasikilize. Bibi yangu aliwekwa kwenye benchi ili asisikike.

Hapo bado sijagusa sheng. Mwanafunzi wa shule hii husimulia jambo moja kwa lugha tatu kabla kengele haijalia. Kwetu ni mazungumzo ya kawaida, ingawa mwalimu mlezi wa chama hapendi. Kwa mashine iliyosomeshwa lugha moja, kila anaporuka lugha ni kama amepotea njia. Na hata kabla ya kufika kwenye maana, je, itayasikia maneno yenyewe? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mitambo ya makampuni matano makubwa inayoandika maneno yanayosemwa. Kwa Wamarekani weupe ilikosea maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani weusi ilikosea 35. Hao ni watu wa nchi moja, wanaosema Kiingereza kile kile. Sasa mpe mjomba wangu na lafudhi yake ya Kwale.

Mtu atasema, "Wewe wachukia maendeleo." La hasha! Wala sitoi wasiwasi huu hewani. Nchi hii imewahi kupimwa kwa kipimo cha wengine, na tuna ushahidi. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari mkoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza Mau Mau, naye akatafuta chanzo zaidi katika nafsi za Wakikuyu kuliko katika ardhi waliyonyang'anywa. Huyu hakuwa mjinga wa kijijini. Alikuwa na shahada, aliishi hapa miaka mingi, alikuwa na wagonjwa mbele yake. Alikosa kitu kimoja tu: hakushuku rula yake. Kompyuta haina chuki ya Carothers, hilo nakubali, lakini nayo haishuku rula yake. Tena daktari akikosea waweza kumbishia. Mashine ikitoa namba, nani kati yetu atabisha na namba? Bwalo zima lilisimama kwa ajili ya 34 na 5.

Hata hivyo, nikisema mashine itupwe nitakuwa mwongo, maana kuna mahali naona ingemfaa mjomba. Daktari wake humwona dakika chache, kisha humpa tarehe ya miezi ijayo. Katikati hapo hakuna anayepima chochote isipokuwa bibi, na bibi hataishi milele. Tuseme mjomba, kwa ridhaa yake, angezungumza na simu yake mara moja kwa wiki, mashine ikajifunza usemi wake mwenyewe akiwa mzima: mafumbo yake, jahazi lake, pweza wake. Kisha siku usemi huo unapobadilika imwambie yeye na daktari, "Wiki hii husemi kama kawaida yako." Hapo hapimwi na kijana wa New York. Anapimwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Huko ni kuigiza alichokifanya bibi, na sioni aibu kukiunga mkono.

Kazi ya watafiti wa Brazili nayo ilinivutia kwa sababu haitegemei sana maana ya maneno. Akina Natalia Mota na Sidarta Ribeiro, katika makala za mwaka 2012 na 2014, waliyachora masimulizi ya wagonjwa kama ramani: kila neno nukta, na mshale kutoka neno moja hadi linalofuata. Anayerudia maneno yale yale hujenga vitanzi. Mwenye skizofrenia huchora ramani yenye viungo vichache. Na waligundua kwamba ramani ya ndoto hufichua ugonjwa zaidi ya ramani ya mambo ya mchana. Nilipomsomea bibi habari hiyo alisema kwanza, "Kheri inshaallah," kama asemavyo mtu akianza kumsimulia ndoto, halafu akauliza, "Na hao wagonjwa walikubali kumpa ndoto zao mtu wasiyemjua?"

Swali hilo latupeleka kwenye siri, ambalo upande wa kuunga mkono ulilipita mbio. Tena msemaji wao wa tatu alipendekeza eti mashine iwekwe bwenini, isikilize, imwambie mwalimu wa zamu nani ana shida. Watu wakapiga makofi! Jamani, mlikuwa mkipigia makofi nini? Siku itakapowekwa hiyo, bweni litakuwa kimya kama makaburini, na yule mwenye shida ndiye atakayekuwa wa kwanza kunyamaza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki katika matibabu yake. Lakini sheria ni karatasi mpaka mtu aulizwe. Mwaka 2022 ilifichuka huko Marekani kwamba huduma iitwayo Crisis Text Line, ambayo watu wenye dhiki huiandikia ujumbe usiku wa manane, ilikuwa ikiipa mazungumzo yao, yakiwa yameondolewa majina, kampuni moja iliyotengeneza programu za kuhudumia wateja wa biashara. Watu walipopiga kelele, ilikoma. Fikiria umeandika usiku ukilia, na machozi yako yamemfundisha mtu kuuza viatu.

Nitaje na jambo moja la zamani, kwa kuwa linaonyesha udhaifu wetu wenyewe. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Chuo cha MIT alitoa maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, jina la yule binti wa tamthilia ya Bernard Shaw aliyefunzwa kusema kama bibi wa ukoo mkubwa. Ilijifanya daktari wa akili kwa hila ndogo: ukiandika "mama yangu hanielewi" inakurudishia, "Nieleze zaidi kuhusu mama yako." Haikuelewa lolote. Lakini karani wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Jambo hilo lilimtisha, na mwaka 1976 akaandika kitabu cha kuonya watu. Mimi nasoma kisa hicho kwa namna mbili. Mashine haikumsikiliza karani. Lakini karani alikuwa na kitu cha kusema, na hakukuwa na mtu. Ndiyo maana sikubali kuwacheka wale watakaozungumza na kompyuta. Mjomba angekuwa nayo usiku ule wa sakafu, huenda angezungumza nayo.

Sasa sisi chama tufanye nini? Nina pendekezo moja, nalo halihitaji fedha. Sauti za Kiswahili zimekwisha kuanza kukusanywa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za watu wa kujitolea wanaosoma sentensi kwa Kiswahili. Ni kazi njema. Lakini mtu anayesoma sentensi hasemi kama mtu aliyepwelewa. Ningependa kila mwanachama, likizo hii, arudi na kauli kumi ambazo watu wa kwao husema wanapolemewa: za wazee, za vijana, za sheng, za lugha ya mama pamoja na maana yake. Zisiwe siri za mtu wala jina la mtu, kauli tu. Mimi nimekwisha kuanza. Ninayo "nina mawazo", "sijiskii", "roho yanidunda", "kichwa kimejaa", na "jahazi limepwelewa", ambayo mjomba ameniruhusu. Tuzichape katika jarida la mwaka ujao kwa mpangilio wa kamusi, na nakala moja mwalimu mlezi aipeleke katika hospitali ya kaunti, impate daktari mgeni siku yake ya kwanza kazini.

Na upande wa kuunga mkono, nawaomba mchuano wa marudiano muhula wa kwanza. Nimemwambia mjomba. Ameuliza kama wageni waruhusiwa kuchangia kutoka sakafuni, na kama itakuwa sakafu ya kawaida au ile yake. Bibi alimpiga kwa ukingo wa leso, kisha akacheka hadi akakaa chini.